Nimetoka Vitani, Luteni Ametoka Darasani: Nani Awafundishe Makuruta?

Shikamoo, Mzee Mshauri.

Mimi ni sajenti, nina miaka 34, na 13 kati ya hiyo nimevaa sare. Nimekwenda misheni mbili za nje. Mwaka jana goti lilipoanza kunisumbua nikapangiwa ukufunzi katika chuo cha makuruta. Sikuiomba kazi hiyo, ila nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Kumchukua kijana asiyejua hata kukaza kamba za buti, ukamfikisha mahali pa kutembea porini usiku kucha bila kusikika, kunafurahisha.

Shida yangu ni luteni. Ni kijana wa miaka 25, mwenye adabu zake, na binafsi sina kinyongo naye. Lakini tangu atoke chuo cha maofisa hajawahi kusikia risasi inayomtafuta yeye. Ananisikiliza vizuri, kisha anafungua kijitabu na kuwafundisha makuruta yaliyomo kama yalivyo.

Wiki 3 zilizopita tulikuwa na somo la shambulio la kuvizia. Luteni alisimama mbele ya kielelezo cha mchanga, yaani mfano wa ardhi uliofinyangwa kwa mchanga, akasogeza vijiti dakika 40 nzima, akawaambia kwamba ukiviziwa kwa karibu unamgeukia adui, unashambulia na kupenya katikati yake. Nikavumilia. Alipomaliza akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikawaambia: "Hayo ni ya mtihani. Siku ikifika rukeni mtaroni, laleni, ndiyo mtaiona kesho." Makuruta wakacheka. Luteni hakucheka.

Sikusema kwa dharau. Yalinikuta. Kwenye misheni ya kwanza tulikuwa doria ya watu 9, tukifuata njia ya udongo kando ya mto. Risasi zikatoka ng'ambo, juu ya kilima. Mimi nikajitupa mtaroni, kushoto kwangu. Koplo wetu, rafiki yangu tangu ukuruta, alikuwa hatua kama 10 mbele yangu. Alifanya tulichofundishwa chuoni: akapaza sauti "Shambulia!" na kukimbilia zilikotoka risasi. Hakufika hata kwenye maji. Sisi wa mtaroni tulirudi wote.

Baada ya lile somo luteni aliniita pembeni. Akasema nimemharibia kazi mbele ya makuruta, na kwamba mtaroni ndipo adui mwerevu anapotega mabomu. Nikamjibu, mimi nimelala katika mtaro ule, wewe je? Akanyamaza. Tangu siku hiyo ni salamu tu. Sasa ametoa ratiba yenye saa 12 za darasa kabla ya zoezi la usiku. Mimi ningezitumia zote porini. Makuruta nao wameshagawanyika, wengine wanasinzia waziwazi kwenye kipindi chake, na ukiwauliza wanasema, "Sajenti alisema haya ni ya mtihani."

Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Nimfuate mkuu wa mafunzo nikaipinge ratiba hii? Niombe uhamisho? Au nikae kimya niwafundishe vijana kitu ambacho najua kitawaua?

Sajenti wa Mtaroni

*

Marahaba, Sajenti.

Pole kwa koplo wako. Barua yako inazungumzia ratiba na luteni, lakini nimeisoma mara tatu na kila mara nimekwama pale pale, penye maji ambayo hakuyafikia. Nitarudi hapo, na nitakayoyasema hayatakuwa matamu. Nivumilie.

Kwanza nikupe haki yako, maana unayo nyingi. Yapo mambo ambayo hayakai kichwani mpaka yapitie mikononi. Kuikwamua bunduki gizani ni mojawapo. Jingine ni kujifunga mkanda wa kuzuia damu kwenye paja lako mwenyewe, kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa haufanyi kazi. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache zinatosha kummaliza mtu, na hapo hakuna wa kukusubiri ukumbuke ukurasa. Moyo ukienda mbio vidole vinakuwa kama vya kuazima. Kuruta aliyejifunga mkanda huo mara 100 matopeni ataufunga. Aliyeuona kwenye picha atauangalia.

Na mimi nimewahi kuumbuka. Enzi zangu za ukufunzi nilifundisha ramani na dira wiki 2 nzima, mezani, penseli zimechongwa, na mtihani wakafaulu karibu wote. Usiku wa zoezi nikawatuma vijana 5 kwenye kituo kilichokuwa umbali wa kilomita 2 tu. Walitokea asubuhi, upande mwingine kabisa. Dira waliisoma sawasawa. Kilichowapoteza ni hesabu ya hatua. Nilikuwa nimewaambia kwamba mita 100 ni kama hatua 65 ukihesabu mguu mmoja, na ni kweli, kwenye tambarare, mchana, bila mzigo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujihesabu akipanda kilima na kilo 20 mgongoni, ambako hatua hufupika na hesabu yote ikabadilika. Mkuu wangu aliniuliza swali moja tu: "Wewe mwenyewe ulishawahi kuitembea njia hiyo?" Sikuwa nimeitembea. Kwa hiyo usidhani unajibiwa na mtu wa chaki.

Sasa turudi mtoni.

Umeandika kwamba risasi zilitoka ng'ambo, juu ya kilima. Yaani kati yenu na adui kulikuwa na mto mzima, na baada ya mto mteremko. Halafu umeandika kwamba luteni aliwaambia makuruta washambulie wakiviziwa "kwa karibu". Neno hilo umeliandika kwa mkono wako mwenyewe, Sajenti, na sidhani kama ulilisikia.

Katika mafundisho ya majeshi mengi kuna mavizio ya namna mbili, na kipimo chake ni bomu la mkono. Adui akiwa ndani ya umbali ambao bomu la mkono linafika, mita 30 au 35 hivi, hayo ni ya karibu. Hapo kubaki ulipo ni kusubiri kumaliziwa, kwa sababu eneo hilo alilichagua yeye, bunduki zake alizilenga kabla hujatokea, na mtaro ulio kando yako aliuona jana yake. Alijua utaurukia. Kama ana mabomu ya kutega, huko ndiko yaliko. Ndiyo maana mtu anafundishwa jambo lisiloingia akilini hata kidogo: geuka, tupa mabomu yako, mwingilie. Ni hatari sana, ila kulala pale ni hatari zaidi.

Adui akiwa mbali kuliko hapo, mambo yanageuka. Unalala, unatafuta kinga, unajibu risasi ili naye ainamishe kichwa, moshi unapigwa, na wale ambao hawajaingia kwenye eneo la risasi ndio wanaozunguka ubavuni au kuwasaidia wenzao kutoka. Hakuna anayekimbia kuelekea kilimani peke yake kuvuka mto.

Kwa maneno mengine, siku ile ulifanya ya kitabuni. Ulifanya hasa kile ambacho kijitabu cha luteni kingekuambia ufanye, na miaka yote hii umekuwa ukikitukana kwa jambo mnaloafikiana.

Na koplo? Ndipo penye uchungu. Koplo hakuuawa na nadharia. Somo lilimfikia nusu. "Ukiviziwa, shambulia." Kipande cha umbali kilidondoka njiani. Ninaweza kukisia kilidondoka vipi, kwa sababu nimewaona wakufunzi wa namna hiyo na nimewahi kuwa mmoja wao: mtu hodari, mwenye sauti, anayeona maelezo yanachelewesha kazi na ana haraka ya kuwatoa vijana nje wakapige kelele "Shambulia!" mara 50 mpaka iwaingie kwenye damu. Ikawaingia. Mazoezi yake yalikuwa mazuri mno. Yalimfundisha koplo kufanya kwa kasi, bila kusita, kitu ambacho hapo hakikuwa mahali pake.

Wewe sasa unawapa makuruta nusu ya pili. "Rukeni mtaroni." Mmoja wao, miaka 5 au 10 ijayo, atapigwa risasi kutoka kichakani hatua 20 kando yake, na atakutii.

Methali yako ni nzuri, lakini mvua iliyokunyea ni moja, upande mmoja wa mto mmoja. Aliyenyeshewa mara moja huapa kwamba mvua zote hutoka upande ule. Frederick II, mfalme wa Prussia, husimuliwa kuwa aliwaambia maofisa wake kwamba nyumbu wa mizigo angeweza kufuatana na Mwanamfalme Eugene, jemadari mashuhuri wa Austria, katika vita vyake vyote na bado asiwe amejifunza chochote cha uongozi wa vita. Usinune. Sote tumewahi kuwa nyumbu huyo, tumebeba, tumetembea, tumerudi, na hatukukaa chini hata nusu saa kuuliza kwa nini tulirudi.

Na kuna tatizo jingine, kubwa kuliko hilo. Wanaosimulia vita ni waliorudi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtaalamu wa takwimu aitwaye Abraham Wald alikuwa New York, katika kundi la wanahesabu lililofanya kazi Chuo Kikuu cha Columbia, na walipelekewa swali la ndege za mabomu. Zilikuwa zikirudi na matundu ya risasi, na bamba la chuma ni zito, huwezi kuifunika ndege nzima. Liwekwe wapi? Jicho la kawaida linasema liwekwe palipo na matundu mengi. Wald alilitazama kwa kinyume: kinga iwekwe pale ambapo ndege zilizorudi hazina matundu, kama kwenye injini, kwa sababu zilizopigwa hapo hazikurudi zikaonekana. Huyu hakuwa rubani. Marubani wenyewe, wenye uzoefu wote, walikuwa wanaziona ndege zilizorudi tu, kama wewe unavyouona mtaro uliokurudisha. Mitaro isiyorudisha watu haina wa kuja kuisimulia.

Hata huo mkanda wa kuzuia damu niliousifu hapo juu una hadithi ya namna hiyo. Kwa miaka mingi askari walifundishwa kwamba ni wa mwisho kabisa, usiuguse mpaka njia nyingine zishindwe, kwa kuogopa kwamba mtu atapoteza mguu. Aliyeona mguu umekatwa kwa sababu ya mkanda hakuusahau. Ni pale madaktari wa Marekani walipozipitia kumbukumbu za waliokufa Vietnam ndipo ikaonekana ni wengi kiasi gani waliokufa kwa kuvuja damu ya mkono au mguu, watu ambao wangeweza kuokolewa. Mwaka 1996 ukatoka mwongozo mpya ulioutanguliza mkanda pale ambapo risasi bado zinalia. Hakuna mganga wa kikosi ambaye angeweza kuliona hilo akiwa porini na majeruhi wake wawili watatu. Lilihitaji mtu akae na mafaili. Kwa hiyo unapokiona kijitabu cha luteni kikavu, kisicho na harufu ya baruti, kumbuka kwamba sehemu kubwa ya kilichomo ni ushahidi wa watu ambao hawakupata nafasi ya kuwa wakufunzi.

Nikupe mfano mmoja wa upande wa pili, halafu nimalizie na ratiba. Tarehe 26 Februari 1991, katika jangwa la Iraq, kwenye vumbi zito, kapteni wa Marekani aitwaye H. R. McMaster aliiongoza kombania yake ya vifaru 9 ikakutana na kikosi cha Walinzi wa Jamhuri wa Iraq. Mapigano hayo huitwa ya 73 Easting, jina la mstari wa ramani. McMaster hakuwahi kupigana kabla ya vita hivyo. Jeshi la Iraq lilikuwa limetoka kwenye vita vya miaka 8 na Iran, kuanzia 1980 hadi 1988. Katika dakika 23 kombania ile iliteketeza vifaru 28 na haikupoteza hata kimoja. Utaniambia Wamarekani walikuwa na darubini zinazoona joto ndani ya vumbi, na mizinga inayofika mbali zaidi. Kweli, na ningekuwa mwongo kusema mafunzo yalifanya kazi yote peke yake. Lakini angalia ile miaka 8 ilivyowasaidia Wairaq siku ile. Walikuwa wamejiandaa vizuri kwa vita vilivyokwisha.

Jeshi hilo hilo la Marekani lilikuwa limejifunza kwa machungu. Baada ya Vietnam, jeshi lao la anga liligundua kwamba rubani yuko hatarini zaidi katika safari zake 10 za kwanza za mapigano. Akizivuka hizo, uwezekano wa kurudi nyumbani unapanda sana. Wewe ungesema, basi uzoefu ndio kila kitu. Wao walisema, basi tumpe safari hizo 10 kabla ya vita, na mwaka 1975 wakaanzisha zoezi la Red Flag katika kituo cha Nellis, Nevada, ambako rubani anapambana na marubani waliofunzwa kuruka kama adui, anapigwa kwa mashambulizi ya kuigiza, anatua, na anaoneshwa alikosea wapi. Kwangu mimi hapo penye kuoneshwa alikosea ndipo penye uzito. Bila kile kikao ni safari ya angani tu, na mafuta yameteketea.

Basi ratiba. Saa 12 za darasa mfululizo ni kosa, na hapo niko upande wako. Kijana aliyeamshwa saa 10 alfajiri, akakimbia kilomita 8, ukamkalisha kwenye kivuli na kumsogezea vijiti dakika 40, atasinzia hata kama hukumchochea. Luteni naye hana uzito wa kuwasisimua, na anajua hana. Ila usiende kwa mkuu wa mafunzo. Ukienda, atamuunga mkono luteni au atamvunja, na kwa vyovyote makuruta watajua kabla ya chakula cha jioni. Uhamisho pia usiuombe. Chuo kikikukosa wewe kimekosa mtu aliyelala katika mtaro, na watu hao si wengi.

Nenda kwa luteni mwenyewe, jioni, msikae ofisini. Mwambie mzivunje zile saa 12 vipande vipande: saa moja kwenye mchanga, saa 2 porini siku hiyo hiyo na somo hilo hilo, nusu saa chini ya mti kuulizana kilichotokea. Mara ya kwanza watembee polepole mchana bila risasi. Kisha kwa risasi baridi, zile zinazolia tu bila kichwa. Usiku uje mwisho. Na wawekeni makuruta zamu kwa zamu wawe wao wavizia. Hili nakusisitizia kuliko yote. Mpe kuruta kilima, mpe barabara, mwambie una mabomu 6 ya kutega, utayaweka wapi? Dakika 5 hazitapita kabla hajauelekea ule mtaro. Hutakuwa na haja ya kumhubiria tena, na luteni hatakuwa na haja ya kijitabu.

Luteni naye alale chini na wao, kwenye matope, apigiwe risasi baridi sikioni. Mwambie kwa heshima, na mbele yake tumia neno "afande" unapolisema hilo, lakini liseme.

Kabla ya yote hayo una deni moja. Uliyasema yale mbele ya makuruta, kwa hiyo yarekebishwe mbele ya makuruta. Mwombe luteni akuachie kielelezo cha mchanga kipindi kimoja. Chora mto wako. Weka kilima ng'ambo, weka vijiti 9 kwenye njia ya udongo. Simulia mpaka risasi ya kwanza, kisha nyamaza, waulize kila mmoja angefanya nini, na uwaache wabishane. Baada ya hapo luteni apime umbali kwa rula, aseme ni mita ngapi, na aeleze kwa nini siku ile mtaro ulikuwa sahihi. Halafu kisogeze kilima wewe mwenyewe, kwa mkono wako, mpaka kifike hatua 20 kutoka njiani, na uwaulize tena.

Na koplo mtaje kwa jina lake.